Msitu wa Rau: Njia ya Mtoni

Mvua ya tambarare ya Moshi haitoshi kukuza miti mirefu namna hii. Kinachoulisha msitu huu ni maji ya chini ya ardhi: mvua inayonyesha juu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, huzama katika miamba ya volkano, husafiri taratibu, kisha huibuka huku chini kama chemchemi na kinamasi. Ndiyo maana udongo una unyevu hata kiangazi, na viatu vyeupe mngeviacha nyumbani.

Inueni macho. Mti mrefu kupita yote ni msoo, Oxystigma msoo kwa wanasayansi, unaopatikana Tanzania na Kenya tu na unaotishiwa kutoweka. Mvule nao upo. Ubora wa mbao zake ndio uliouponza.

Majani yakitikisika bila upepo, huenda ni mbega. Mbega hana kidole gumba, lakini kuruka matawini hakumshindi.

Maji ya mto Rau hunywesha pia majaruba ya mpunga ya skimu ya Lower Moshi, iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987. Mkifika huko, piteni juu ya matuta, msikanyage miche.