Pikipiki, Chombo cha Mtu wa Kawaida

Fungueni madaftari yenu. Somo letu la leo ni historia ya pikipiki.

Mwaka 1885, huko Ujerumani, mafundi Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walitia injini ya petroli katika chombo cha mbao chenye umbo la baiskeli. Ndio mwanzo wa pikipiki ya petroli.

Sasa twende Japani. Vita Kuu ya Pili ilikwisha mwaka 1945, ikaacha miji mingi imeungua. Petroli ilikuwa adimu, na magari ya moshi yalijaa watu. Mwaka 1946 fundi Soichiro Honda alipata injini ndogo zilizosalia, ambazo jeshi lilizitumia kwa mitambo ya redio. Akazifunga kwenye baiskeli. Watu wakazinunua upesi.

Mwaka 1958 kampuni yake ikatoa pikipiki iitwayo Super Cub. Ilikusudiwa kwamba hata kijana mpeleka chakula aweze kuiendesha kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ubebe sinia. Kwa hiyo haikuwekwa klachi ya mkononi. Gia zilibadilishwa kwa mguu. Kufikia mwaka 2017, zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 100,000,000.

Kwa nini watu huipenda pikipiki? Hunywa petroli kidogo. Hupita vijia ambavyo motokaa haipiti. Humpa kijana kazi, na humfikisha mgonjwa zahanati usiku. Huku kwetu, watu wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, walianza kuchukua abiria kwa baiskeli katika miaka ya 1960. Ndiko lilikotoka jina bodaboda. Baadaye pikipiki ikaishika kazi hiyo.

Lakini faida ina masharti. Mwaka 1935 Mwingereza mashuhuri, T. E. Lawrence, alianguka na pikipiki, akaumia kichwa, akafa. Daktari Hugh Cairns, mmoja wa waliomtibu, akaanza kuchunguza ajali za namna hiyo. Mwaka 1941 alichapisha uchunguzi wake: kofia ngumu huokoa maisha. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza likaamuru waendesha pikipiki wake wazivae.

Basi, jadilianeni darasani: Kijijini kwenu pikipiki imefupisha safari gani? Dereva huvaa kofia. Je, na abiria wake?