Honda ya Baba Mdogo: gia zinakataa, historia inaongea

Nimekaa kimya muda mrefu, majaribio yalikuwa yamenikaba koo. Leo siongelei bumu wala foleni ya kafteria. Naongelea pikipiki, na msiniulize inahusiana vipi na ualimu, mtaona wenyewe.

Kidato cha kwanza tulikaririshwa vyanzo vya historia: masimulizi, maandishi, mabaki ya kale na kadhalika. Hakuna aliyetaja giaboksi. Mimi nimesoma historia ya wilaya zetu za Kibondo na Kasulu ndani ya giaboksi ya Honda CG125 ya baba mdogo, likizo iliyopita, mikono imejaa oili.

Hiyo Honda aliinunua mnadani, shirika moja lilipokuwa linafunga ofisi. Wasiotoka Kigoma nawakumbusha: baada ya Rais Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, wakimbizi walimiminika kwetu, na 1996 wakaja Wakongo. Ndiyo miaka ya Kanembwa, Nduta, Mtabila, Nyarugusu. Mashirika yalikuja na magari na pikipiki, na kambi zilipofungwa (Mtabila ilifungwa Desemba 2012) vyombo vingine vikabaki mikononi mwa watu. Wengi tunazikumbuka kambi kwa mahindi ya msaada na kesi za kuni. Mimi nazikumbuka pia kwa vyuma.

Sasa CG yenyewe. Honda waliitoa katikati ya miaka ya 1970, na waliibuni makusudi kwa nchi kama zetu. Wahandisi wao walizunguka wakaona watu wanavyozidisha mzigo, hawasafishi filta na oili hawabadilishi mpaka iwe lami. Kwa hiyo wakaacha mnyororo wa kuzungusha kamshafti kule juu kichwani, wakaweka fito za kusukuma valvu, na mnyororo wa tairi wakaufunika wote vumbi lisiingie. Kwa maoni yangu hiyo ni heshima kubwa kuliko misaada mingi: mtu amekubuni chombo akijua kabisa kwamba utakitesa.

Mashine ngumu na rahisi namna hiyo lazima iigwe. Wachina waliiga injini ile, na pikipiki nyingi za kwanza za bodaboda zilizojaa kwetu zilikuwa na injini za ukoo huo. Kufika 2010, serikali ilipotunga kanuni za leseni za pikipiki za abiria, spea za Kichina zilikuwa kila duka, na za Mjapani unazisikia kwenye hadithi. Kwa hiyo Honda ya baba mdogo ilipokufa, fundi wa Kasulu aliifufua kwa alichonacho: fremu ya Mjapani, krenkesi ya Mjapani, ndani gia na ngoma yake kutoka injini ya Kichina iliyokatika kichwa. Vinaingiana vizuri tu. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

CG ya asili unakanyaga mara moja chini kupata gia ya kwanza, halafu zinazofuata unapandisha juu. Pikipiki nyingi za Kichina ni kinyume: unakanyaga mbele tu, moja, mbili, tatu, mpaka ya mwisho, na kurudi unatumia kisigino. Tena ngoma za aina hiyo nyingine hazina kizuizi mwishoni, ukikanyaga tena baada ya gia ya juu unaangukia nyutro, kisha ya kwanza. Baba mdogo ana miaka mingi ya mazoea mguuni. Akiwa anashuka mlima na gunia mbili za maharage, akakanyaga chini ili gia ipungue injini imshike. Ikaongezeka. Pikipiki ikachomoka mbio kama imetumwa. Namshukuru Mungu breki ya nyuma ilikuwa nzima.

Vita hii ya mguu si ya leo. Zamani gia zilikuwa za mkono pembeni ya tangi. Velocette wa Uingereza ndio waliopata sifa ya gia ya mguu inayorudi katikati kila ukikanyaga, mwishoni mwa miaka ya 1920. Waingereza waliiweka kulia, Wajapani kushoto, hadi Marekani ilipolazimisha kushoto miaka ya 1970. Lakini mpangilio wa juu na chini bado tunaumia nao huku milimani.

Ugonjwa wa pili: injini ikipata moto, nyutro haipatikani, na ukibana klachi pikipiki bado inataka kutembea. Akanipigia simu, "Mwalimu, naambiwa injini ipasuliwe." Nikamwambia asubiri nifike. Dalili hiyo ni ya klachi kutoachia, gia hazina kosa. Tulianza na waya: mkono wa klachi unatakiwa ucheze bure sentimita moja hadi mbili kwenye ncha, wa kwake ulikuwa unacheza karibu nusu ya safari yake. Tukakaza. Tukamwaga oili, maana kwenye CG oili hiyo hiyo moja inalainisha injini, gia na klachi, kama lita moja tu. Ilikuwa nzito na nyeusi. Nyutro ikarudi bila kufungua hata boliti moja ya injini. Na jamani, msipime gia injini ikiwa imezimwa na tairi limesimama, meno hayakutani, utamlaumu fundi bure. Sukuma pikipiki mbele na nyuma huku unakanyaga.

Gia ya pili kuchomoka kwenye mpando, hiyo sasa ni ya ndani kweli. Meno yamekuwa mviringo au uma unaosukuma gia umepinda, na kuifikia lazima krenkesi igawanywe mbili. Ngoma ya Mjapani tumeipata kwenye injini mbovu pale Kasulu, itafungwa siku hiyo hiyo. Uma bado. Kwa sasa baba mdogo amebandika karatasi kwenye tangi, "KANYAGA = ONGEZA", na mpando anaupanda na gia ya kwanza, gunia moja badala ya mbili. Ada ya wadogo zangu inatoka kwenye hayo magunia, kwa hiyo mwenye uma wa CG ya zamani, hata uliotumika, anitafute bwenini.