Bata wa katikati ya muto: permi ya nani inahesabika?



Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wajuristi wetu wanajua nusu yake, na sisi waagronomu tunajua nusu ingine: permi ya kuwinda bata kwenye muto unaotenga Leta mbili. Ulizo lenyewe ni fupi. Mutu iko ndani ya mutumbwi, katikati ya muto. Nyuma yake kuna inchi moja, mbele yake kuna ingine. Bata wanapita juu ya kichwa, anapiga. Permi iliyo mufukoni ilitoka upande mumoja, bata anaanguka upande wa pili. Nani ana haki ya kumufunga?

Ulizo hili nilikutana nalo kazini. Katika bonde la Ruzizi walimaji wa mupunga wananiuliza kama wana ruhusa ya kupiga bata wanaoshuka kwenye mashamba yao. Nilipotafuta namna wengine walivyojibu, nilifika mbali, mpaka Marekani, juu kule majimbo yamegawana mito mikubwa na yamepelekana tribinali mara nyingi. Hukumu zao zimeandikwa, na zinatufundisha mambo matatu.

La kwanza: musitari hauko pale unapofikiri

Wengi wetu tunaamini mupaka wa muto unakaa katikati. Angalia muto Ohio. Mwaka 1784 Virginia iliachilia Leta kuu ardhi yote ya kaskazini ya muto ule, lakini muto wenyewe haikuutoa. Mwaka 1792 Kentucky ikazaliwa kutoka Virginia, ikariti maji yale mpaka ukingo wa kaskazini, pale yanapofika wakati yamepunguka. Kisha mabwawa yakajengwa, maji yakapanda. Kentucky ikasema mupaka wake umepanda pamoja na maji. Ohio ikasema hapana, mupaka umebaki pale ulipokuwa 1792. Mwaka 1980 Tribinali Kuu ya Marekani ikaipa Ohio haki: musitari ni ule wa 1792, hata kama leo uko chini ya maji.

Fikiri sasa muwindaji wa muji wa Cincinnati, upande wa kaskazini. Anasukuma mutumbwi, anapiga kasia kidogo tu, na tayari iko Kentucky. Hajaona kibao, hajaona gardi, hajavuka hata nusu ya muto. Kama permi yake ni ya Ohio peke yake na hakuna mapatano yoyote, ile karatasi imekwisha nguvu.

La pili: permi ya jirani ina uzito, lakini una kipimo

Kesi ya pili ni ya samaki, lakini sheria yake inagusa kila mutu anayetafuta chakula kwenye muto wa mupaka. Muto Columbia unatenga Oregon na Washington. Wakati Oregon ilipoingia katika Muungano mwaka 1859, iliandikwa kwamba ina mamlaka ya pamoja na jirani yake juu ya maji yale. Kwa karatasi ni maneno mazuri. Lakini Oregon ikakataza aina fulani ya wavu, na Washington ikautolea permi. Muvuvi mumoja, Nielsen, akavua na wavu ule kwa permi ya Washington, ndani ya maji ya upande wa Washington. Oregon ikamushika, ikamutia hatiani.

Mwaka 1909 Tribinali Kuu ikavunja hukumu ile. Ilisema mamlaka ya pamoja yana maana pale jambo lenyewe ni kosa pande zote mbili: hapo yule anayemushika mutu wa kwanza njo anamuhukumu. Lakini kama Leta moja imetoa ruhusa, na mutu amebaki ndani ya mipaka ya Leta ile, jirani hawezi kumupa azabu kwa tendo hilo. Mimi naona hukumu hii ni ya hekima. Haikusema permi ya Washington inafanya kazi muto muzima. Ilisema tu kwamba mutu mudogo asifungwe kwa sababu ya wakubwa wawili wasiopatana.

Na wakubwa wasipopatana, watu wanakufa. Muto Potomac, kati ya Maryland na Virginia, ulikuwa na mapatano tangu 1785, lakini ugomvi wa kuvuna chaza uliendelea zaidi ya miaka mia moja na nusu. Mwaka 1959 mutu wa Virginia alipigwa risasi na askari wa majini wa Maryland, akakufa. Ni kisha hapo tu, mwaka 1962, mapatano mapya yalikamilika na komisiyo ya watu wa pande zote mbili ikaanza kutoa permi moja ya uvuvi. Tusicheke Wamarekani. Kwenye ziwa Edward, mwezi wa saba 2018, askari wa majini wa Kongo na wa Uganda walirushiana risasi, na watu walikufa.

La tatu: bata si mali ya ukingo mumoja

Hapa njo ninyi waagronomu mufungue masikio. Samaki ukiwachunga ndani ya muto, una kitu mukononi. Bata anataga mayai kaskazini, Kanada, anashuka kusini wakati wa baridi, anarudi kaskazini kisha baridi. Mwaka 1896 Tribinali Kuu ilisema nyama ya pori ni mali ya watu wa jimbo, jimbo njo linaamua. Matokeo yakawa kila jimbo kutoa permi sawa vile bata ni wake peke yake. Anayezuia leo anamuachia jirani kesho, sasa nani atazuia? Wawindaji wa soko walikuwa wanaua kwa bunduki kubwa zilizofungwa kwenye mitumbwi, shuti moja bata wengi. Bata wa Labrador alikuwa amekwisha kabisa kabla karne ile haijaisha. Njiwa-musafiri, aliyekuwa anafunika mbingu, wa mwisho wake alikufa ndani ya zoo ya Cincinnati tarehe 1 mwezi wa kenda 1914, kwenye muji ule ule wa muto Ohio.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kuwinda wakati bata wanarudi kaskazini kutaga. Kwa lugha yetu, ni kula mbegu uliyotunza kwa kupanda. Mwaka 1913 Leta kuu ilitunga sheria ya kuzuia. Majaji wawili, mumoja Arkansas na mumoja Kansas, wakaikataa: ndege ni wa majimbo. Basi Leta ikapitia mulango mwingine. Mwezi wa munane 1916 ilisaini mapatano na Uingereza kwa jina la Kanada. Mapatano yalifunga uwindaji wa bata kuanzia tarehe 10 mwezi wa tatu mpaka tarehe 1 mwezi wa kenda, na yalisema kipindi cha kuwinda kisipite miezi mitatu na nusu. Mwaka 1918 sheria ya kuyatimiza ikatoka.

Jimbo la Missouri likakasirika, likaenda tribinali kumuzuia gardi wa Leta kuu anayeitwa Ray Holland. Na hapa kuna kitu cha kuchekesha: prokireri mukubwa wa Missouri, yule aliyetetea kesi ya jimbo, alikuwa mwenyewe ameshikwa na Holland akiwinda bata wakati umefungwa! Mwaka 1920 Missouri ilishindwa, majaji 7 kwa 2. Jaji Holmes aliandika kwamba mali isiyo mukononi haina mwenyewe: ndege jana hakuwako, leo iko hapa, kesho atakuwa mbali sana. Jimbo haliwezi kudai kwamba linamumiliki mugeni wa siku moja.

Karatasi mbili mufukoni

Munaweza kufikiri kwamba kuanzia 1920 permi za majimbo zilikufa. Hapana. Leta kuu iliweka mipaka ya juu: ndege gani, miezi gani, bata wangapi kwa siku. Ndani ya mipaka ile kila jimbo linachagua siku zake na linauza permi yake. Mwaka 1934 ikaongezwa timbri ya bata, dola 1 kwa wakati ule, leo dola 25. Feza yake inanunua na kukodi mabwawa na nyasi ambamo ndege wanaishi. Muwindaji wa miaka 16 na zaidi anabeba timbri pamoja na permi ya jimbo. Timbri ni moja, inavuka muto pamoja naye. Permi ya jimbo inabaki ukingoni, ila kama majirani wamepatana kuitambua.

Na wameshapatana sehemu nyingi, kila muto kwa namna yake. Mufano ninaoupenda ni muto Colorado, kati ya California na Arizona. Sheria ya Leta kuu inataka California, kwenye kipande chake cha muto ule, ifuate siku na hesabu za Arizona ya kusini. Kwa nini? Juu muwindaji aliye majini asiwe na siku mbili za kufunga na hesabu mbili za bata, kila mara mutumbwi unapogeuka. Majimbo yote mawili yamebaki na mamlaka yao, lakini kalenda ni moja.

Na kwetu?

Ruzizi inatoka Kivu, inaingia Tanganyika. Ni mupaka wetu na Rwanda, kisha na Burundi, kwa musitari ambao Wabelgiji na Wajerumani walipatana mwaka 1910 bila kuuliza mulimaji hata mumoja. Upande wetu, sheria ya tarehe 28 mwezi wa tano 1982 inasema hakuna kuwinda bila permi, na inapanga aina zake, pamoja na permi ya kijijini na permi ya pamoja kwa watu wa mahali. Sheria ya 2014 juu ya kuchunga mazingira ikaongezeka. Ngambo, kwenye delta, Burundi imeweka hifazi. Bata anayelala usiku ndani ya hifazi ile anaweza kula mupunga wetu asubuhi. Katika wale wanaotutembelea kuna wanaotoka Ulaya na Asia, wanaokimbia baridi. Permi ya Kinshasa haiwezi kumuongoza ndege wa namna ile peke yake, na haimukingi mwenye mutumbwi akipita musitari asiouona.

Kwa hiyo jibu ninalowapa walimaji ni hili. Fukuza bata kwa makelele, kwa nyavu, kwa kulinda shamba zamu kwa zamu. Usipige bila permi, na ukiwa nayo usipige kuelekea majini, juu ni vigumu kujua risasi na ndege vitaangukia kwa nani. Hilo ni jibu la leo, na halimutoshi mulimaji anayepoteza mavuno.

Jibu la kesho ni la wajuristi wetu na la wale walio karibu na wakubwa. Hatuhitaji kuhamisha mupaka wa 1910. Tunahitaji vitu vidogo vitatu: kalenda moja ya kufunga na kufungua kwa pande zote, orodha moja ya ndege wasioguswa, na neno lililoandikwa kwamba mutu mwenye ruhusa ya kwao, aliyebaki katika maji ya kwao, hatafungwa na jirani. Hilo la mwisho muvuvi mumoja wa Columbia alilipata mwaka 1909. Mutu wa Kamanyola ama wa Uvira naye anastahili kulipata kabla hajafungwa, si kisha.