Kichocheonuru

Neno kichocheo tumelizoea tangu darasani: kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali, chenyewe kikabaki vilevile. Utata huja kichocheo kinapolala mpaka kimulikwe. Wengine hukiita "kichocheo cha mwanga", jina linalomfanya msomaji adhani kinachochochewa ni mwanga. Mimi nachagua kichocheonuru, hata kama fotokatalisti ndilo litakaloshinda maabarani.

Kinachojulikana zaidi ni dioksidi ya titani, unga mweupe uleule uliomo kwenye rangi za kuta. Mwaka 1972 Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walionyesha kwamba elektrodi yake, ikimulikwa, huweza kuyatenganisha maji kuwa hidrojeni na oksijeni. Baadaye watafiti waliugeuzia unga huo maji machafu, yakiwemo yale yenye rangi yatokayo viwanda vya nguo.

Miali ya urujuanimno ikiupiga unga huo, elektroni huruka na kuacha tundu lenye chaji chanya. Tundu huyanyang'anya elektroni maji yaliyogusana na chembe, na hapo huzaliwa radikali ya haidroksili, ambayo huivamia molekuli yoyote ya rangi iliyo jirani. Elektroni nayo hudakwa na oksijeni. Isipodakwa upesi hurudi tunduni na mwanga ukapotea bure; kusema kweli, ndivyo inavyokuwa mara nyingi.

Rangi ipendwayo kwa majaribio ni buluu ya methilini. Bika huwekwa kwanza gizani, aghalabu nusu saa, unga ukikorogwa, kwa sababu sehemu ya rangi hunata tu juu ya chembe. Anayewasha taa mapema atausifu mwanga kwa kazi ambayo haukuifanya. Tena, maji kupauka si rangi kuvunjika: buluu hii ikipokea elektroni hupauka, kisha ikikutana na hewa hurudia ubuluu wake. Imevunjika kikamilifu pale kaboni yake inapotoka ikiwa hewa ya ukaa, kwa hiyo ripoti isiyopima kaboni iliyobaki majini mimi huisoma kwa mashaka.

Dioksidi hii ya titani hutaka mawimbi mafupi, chini ya nanomita 387 hivi, na jua letu kali halina urujuanimno zaidi ya takriban asilimia 5. Halafu kuna shida ya kuuokota unga majini: ni laini mno, hupenya vichujio vya kawaida. Wengine huugandisha juu ya kioo, ingawa hapo eneo linaloguswa na maji hupungua na kazi ikazorota.