Jina la Nyumbani na Jina la Cheti: Historia ya Kumpa Mtoto Jina Ukambani

Mwanasiasa anayejulikana zaidi kati ya wazaliwa wa Tseikuru, Kitui, alibatizwa Stephen, na baba yake aliitwa Musyoka. Alipoingia bungeni mwaka 1985 kuwakilisha Kitui Kaskazini, na hata alipokuwa Makamu wa Rais kuanzia 2008 hadi 2013, Wakenya walimwita Kalonzo. Jina la ubatizo hutajwa kwenye shughuli rasmi, la baba hufuata mwishoni, lakini lililoenea sokoni na mikutanoni ni la katikati, lile alilopewa kwao.

Wazazi wengi vijana wa Kitui na Makueni hukutana na suala hilo la majina mapema, mtoto akiwa bado mgongoni. Nyumbani amekwisha kuzoeleka kwa jina dogo, la mapenzi, na majirani wote wanamwita hivyo. Siku ya kujaza fomu ya kuzaliwa, mkono unasita. Je, cheti kibebe jina hilo, au litafutwe jina zito litakalomfaa akiwa mtu mzima? Ukifuata historia ya majina Ukambani, utaona kwamba jina la nyumbani lina heshima kongwe, na kwamba dhana ya kwamba halifai kuandikwa imekuja juzi tu pamoja na karatasi.

Siku ya tatu

Profesa John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, aliieleza mila ya kumpa mtoto jina katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Kwa Wakamba, mtoto alipewa jina siku ya tatu baada ya kuzaliwa. Mbuzi alichinjwa, wanawake wakakusanyika, na wao ndio waliolitaja jina. Siku ya nne baba alimvika mtoto mkufu shingoni, na tangu hapo akahesabiwa mtu kamili miongoni mwa watu. Kabla ya hapo alikuwa bado mali ya ulimwengu wa mizimu.

Utaratibu huo ulilifanya jina kuwa kauli. Lilikuwa halali kwa sababu lilitamkwa na wanawake wa nyumba hiyo mbele ya mashahidi, na likaendelea kuwa halali kwa kuwa watu waliendelea kulitumia. Hapakuwa na jina lingine lililofichwa mahali fulani likisubiri siku ya shughuli kubwa.

Majina yanayopokezana

Mpangilio wa kuchagua ulijulikana na kila mtu. Mwana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba, wa pili la bibi mzaa mama. Baada ya hao wanne, zamu huwafikia shangazi, wajomba na jamaa wengine, au jina hutokana na tukio lililotokea wakati wa kuzaliwa.

Matokeo yake ni mnyororo wa majina mawili yanayopishana. Mutua wa Kioko akipata mwana wa kwanza humwita Kioko, na mtoto huyo hujulikana kama Kioko wa Mutua. Yeye naye akizaa, mwanawe huwa Mutua wa Kioko, na jina la babu linarudi kamili. Mfanyabiashara mkubwa wa Kitui aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, na kuuawa karibu na Mto Tana mwaka 1851, alijulikana kwa muundo huohuo: Kivoi wa Mwendwa. Jina moja la ukoo linaloshikwa na watu wote wa familia, kizazi baada ya kizazi, halikuwepo. Ukoo ulikuwepo na ulijulikana, ila haukutumika kumwita mtu.

Hapo ndipo jina la nyumbani lilipopata kazi yake ya kwanza. Adabu ya Wakamba, iitwayo nthoni, humzuia mke kutamka ovyo jina la baba mkwe wake. Lakini mwanawe wa kwanza ndiye anayebeba jina hilo! Mama anayenyonyesha hawezi kumkemea, kumbembeleza wala kumfokea mtoto kwa jina la mzee aliyeketi uani. Kwa hiyo katika nyumba nyingi mtoto huyo huitwa Mutumia, yaani mzee, au huitwa baba moja kwa moja. Msichana aliyerithi jina la nyanya yake huitwa Susu, neno la kumwitia nyanya, na baba yake mwenyewe humwita mwaitu, mama yangu. Jina la utotoni lilizaliwa kutokana na heshima. Lililinda jina kubwa lisichakazwe na kelele za kila siku, na likampa mama njia ya kumpenda mwanawe bila kumvunjia mkwe adabu.

Mvua, njaa na safari

Majina ya matukio nayo yana historia ndefu. Aliyezaliwa usiku ni Mutuku au Nduku, wa asubuhi ni Kioko. Kyalo alizaliwa wakati wa safari, Mwanzia njiani, Mueni nyumbani kukiwa na mgeni. Kaskazini mwa Kitui, katika nchi kavu ya Tseikuru inayoshuka kuelekea Tharaka na Mto Tana, majina ya mvua yana uzito wa pekee: Wambua kwa mvulana, Mumbua au Syombua kwa msichana. Kinyume chake ni Wayua, jina la msichana aliyezaliwa njaa ikitawala. Wakamba hutaja njaa zao kwa majina, kuanzia Ngomanisye ya mwishoni mwa miaka ya 1890 hadi Nikw'a Ngwete ya miaka ya 1980, njaa ambayo watu walikuwa na fedha mkononi na chakula cha kununua hakuna. Bibi aitwaye Wayua anaweza kukadiriwa umri kwa njaa aliyozaliwa nayo, hata kama hana cheti.

Yapo pia majina ya kinga. Mama aliyepoteza watoto alimpa aliyefuata jina la mnyama, kama Mbiti, fisi, ili mauti yasimtamani. Na yapo majina madogo yanayoanza na ka-, kiambishi cha udogo: Kasyoka, mrejeo mdogo, na Kanini, kadogo. Haya yanafundisha jambo muhimu kwa mzazi wa leo. Kanini ni jina linalomfaa kichanga aliyefunikwa kwa leso, lakini limevuka utoto, na leo ni jina kamili la wanawake wazima, limo katika vitambulisho na hati za mashamba. Hakuna anayeliona kuwa la kitoto. Jina dogo hukua pamoja na mwenyewe.

Kubadili jina mapema nako si jambo geni Afrika Mashariki. Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alipewa kwanza jina la Mugendi, kisha likabadilishwa kwa ushauri wa mganga kuwa Kambarage, jina la pepo wa mvua wa Wazanaki. Julius lilikuja alipobatizwa mwaka 1943, akiwa tayari mtu mzima.

Misheni na kipande

Walutheri wa Leipzig walianza kazi Ikutha na Mulango katika miaka ya 1890. Mwaka 1895 Africa Inland Mission, chini ya Peter Cameron Scott, ilipiga kambi Nzaui, katika Makueni ya leo. Pamoja na shule na dawa, misheni zilileta jina jipya. Kwa Wakatoliki hilo lilikuwa agizo: Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka padri ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakikataa, aongeze mwenyewe jina la mtakatifu. Sheria mpya ya 1983 ililegeza, ikataka tu jina lisipingane na hisia za Kikristo. Kwa mujibu wa sheria hiyo, Mwende au Wambua linatosha kabisa kisimani pa ubatizo. Wazazi wengi bado hawajui hivyo.

Wakamba hawakuyapokea majina ya misheni kimyakimya. Waliyapitisha katika matamshi yao hadi yakawa ya kwao: Petro akawa Vetelo, Paulo akawa Vaulo, Yosefu akawa Yosevu. Bibi wa kijijini anayemwita mjukuu wake Vetelo amelifanya jina la kigeni kuwa la nyumbani kwa ulimi wake mwenyewe.

Serikali ya kikoloni ilikuja na karatasi. Chini ya sheria ya usajili ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimika kubeba kipande, hati ya utambulisho iliyowekwa ndani ya kijisanduku cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Karani aliandika alichosikia. Mji wa Masaku ulikuwa umekwisha kuwa Machakos kwa mikono ya waandishi kama hao, na majina ya watu yalipata hatima ileile. Kilichodumu zaidi ni mpangilio: jina la Kikristo mbele, jina la mwenyewe katikati, la baba mwisho. Neno "wa" likadondoka, na jina la baba likageuka kitu kinachofanana na jina la ukoo la Kizungu. Jina alilotamkiwa mtoto siku ya tatu likasukumwa katikati, mahali ambapo fomu nyingi huandika herufi moja tu.

Wapo waliolirudisha mbele, au walioliacha lile la ubatizo. Jomo Kenyatta alizaliwa Kamau wa Ngengi, akabatizwa Johnstone, na baadaye akaliacha jina hilo. Mwandishi aliyechapisha riwaya zake za kwanza kwa jina la James Ngugi alijirudishia Ngugi wa Thiong'o katika miaka ya 1970. Huko Ukambani, Samuel Muindi Mbingu, aliyeongoza maandamano ya mwaka 1938 ya kupinga kupunguzwa kwa mifugo, anakumbukwa kama Muindi Mbingu. Barabara iliyopewa jina lake Nairobi haina Samuel.

Cheti cha kuzaliwa

Sheria ya Kenya ya kusajili vizazi na vifo ni ya mwaka 1928, lakini kwa Waafrika ilienezwa hatua kwa hatua hadi ikafikia nchi nzima mwaka 1971. Leo kuzaliwa kwa mtoto hospitalini huarifiwa na hospitali, na kwa aliyezaliwa nyumbani taarifa hupitia kwa naibu wa chifu. Usajili wa kawaida ni ndani ya miezi sita. Ukipita hapo unakuwa usajili wa kuchelewa. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya jina tangu kuzaliwa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba mtoto wa mama ambaye hajaolewa asizuiwe kuandikiwa jina la baba yake.

Sheria haimlazimishi mzazi kuandika jina la Kizungu, wala jina zito. Jina likiwa limebadilika, upo muda wa miaka miwili tangu usajili wa kuomba jina jipya liongezwe kwenye daftari. Baada ya hapo njia ni hati ya kubadili jina, tangazo katika Gazeti Rasmi na gharama zake. Mtoto ambaye cheti chake kinasema hivi na shule inamjua vile huanza kusumbuka anaposajiliwa kufanya mtihani wa taifa, na usumbufu huo humfuata mpaka kwenye kitambulisho na pasipoti.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wazazi wa Tseikuru na kwingineko ni huu. Jina la babu au bibi liandikwe, kwa kuwa mnyororo ukikatwa kizazi kimoja ni vigumu kuuunga tena. Jina mnalomwitia mtoto nalo liandikwe kando yake, kwa tahajia mnayoitaka, hata likiwa dogo kama Kanini. Msiweke jina la tatu ambalo hamna nia ya kulitamka, kwa kuogopa tu kwamba fomu itaonekana pungufu. Na kwa naibu wa chifu na karani wa kliniki: kabla ya kupeleka fomu, msomee mama jina kwa sauti na umwache akusahihishe. Zamani wanawake ndio waliolitaja jina la mtoto, na mpaka leo hakuna anayejua kulitamka kuwashinda.