Kijazo si uchakachuaji

Mwambie mfanyabiashara wa Kariakoo kwamba plastiki hii imetiwa kijazo, atakuuliza umechakachua kwa kiasi gani. Hana kosa. Sokoni, kujaza ni maji kwenye maziwa, ni mafuta ya taa kwenye dizeli. Kwa wahandisi wa plastiki, kijazo ni unga unaochanganywa na plastiki ikiwa imeyeyuka, ipungue gharama na mara nyingi iwe ngumu zaidi.

Tazama zege linavyokorogwa kwenye ghorofa lolote linalojengwa mtaani. Saruji inashika, kokoto ni kijazo, nondo ni kiimarishi. Kokoto ni rahisi kuliko saruji, lakini hakuna fundi anayeziita udanganyifu, mradi asizidishe.

Sasa nenda kwa muuza madafu Mtaa wa Msimbazi, uokote kumbi moja lililokaa juani siku kadhaa. Lipasue. Zinatoka nyuzi za kahawia, ndizo usumba, na vumbi laini linalobaki viganjani. Vumbi hilo ni kijazo; usumba ni kiimarishi. Takataka moja, istilahi mbili. (Wengine wangependa “kijalizo”, ila hilo wanasarufi wameshalichukua.) Pumba za mpunga nazo hufaa, na mkonge pia: nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya jani, mengine hutupwa.

Plastiki inayopokea vitu hivi vizuri ni polilaktiki asidi, ile iitwayo “inayooza”, itokanayo na wanga wa mahindi au sukari ya miwa. Huyeyuka kati ya nyuzijoto 150 na 180, kabla usumba haujaanza kuungua. Tatizo ni kwamba usumba unapenda maji na plastiki haiyataki, hivyo ukivichanganya hivi hivi havishikani. Dawa ni kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni: usumba huloweshwa humo uvuliwe nta, husuuzwa, kisha hukaushwa kabisa, kwa sababu unyevu huikatakata polilaktiki asidi inapoyeyushwa.

Kinachopatikana ni kigumu, lakini hakinyumbuki. Tangu rambo zipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, mtu akisikia plastiki inayooza anawaza mfuko. Mfuko mwembamba uliojaa pumba utachanika kabla hujafika Buguruni. Mahali pa mchanganyiko huu ni kiriba cha miche, sahani, trei ya mayai.

Neno “inayooza” nalo lina ahadi kubwa mno. Polilaktiki asidi huoza kwenye mboji yenye joto la karibu nyuzi 60. Ukiitupa Mto Msimbazi itakaa miaka. Mimi ningeandika “inayooza mbojini”, ingawa ni refu.

Kwa hiyo ukiuziwa sahani ya namna hii, uliza kama yule wa Kariakoo: kijazo gani, na kiasi gani?