Nyumba na maghala ya kupangisha mipakani: mambo ya kujua kabla ya kununua upande wa pili

Mfanyabiashara aliyezoea kuvuka mpaka hufika siku akajiuliza: kwa nini nilipe gesti na godauni kila wiki wakati ninaweza kujenga vyangu na kupangisha wengine? Wazo ni zuri. Namanga, Holili, Sirari, Mutukula na Tunduma wapo wenye nyumba walioanza hivyo hivyo. Lakini wapo pia waliopoteza akiba ya miaka mingi, kwa sababu walinunua upande wa pili wa mpaka kwa haki ambayo sheria ya huko haiwapi.

Uanachama wa Jumuiya si hati ya ardhi

Wengi wanaamini kwamba raia wa Afrika Mashariki anaweza kununua kiwanja popote ndani ya Jumuiya. Si kweli. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010, na kifungu chake cha 15 kinasema suala la ardhi na majengo litaongozwa na sera na sheria za kila nchi. Sheria hizo ni hizi:

Tanzania: Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi, isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa chini ya sheria ya uwekezaji. Kampuni ambayo wenye hisa wengi si raia nayo huhesabiwa kuwa si raia.

Kenya: Ibara ya 65 ya Katiba ya 2010 inampa asiye raia haki ya kukodi ardhi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Kampuni huhesabiwa ya raia pale tu inapomilikiwa yote na raia.

Uganda: Asiye raia hupata ukodishaji, nao hauzidi miaka 99.

Hatari ya jina la kuazima

Kwa kukwepa sheria hizi, mtu hutoa fedha na hati huandikwa jina la shemeji au rafiki mwenye uraia. Maadamu wote ni wazima na wanaelewana, mambo huenda. Siku rafiki akifariki, warithi wanaiona hati ina jina la marehemu. Akikopa benki, nyumba inawekwa rehani. Akiachana na mkewe, mke naye anadai sehemu yake. Wewe uliyetoa fedha hubaki na maneno tu, na ni vigumu mahakama kukutetea kwa makubaliano yaliyofanywa ili kukwepa sheria.

Ni afadhali kupanga kwa mkataba wa miaka mingi ulioandikwa na wakili na kusajiliwa kwa jina lako. Kama unakusudia kupangisha wengine, mkataba useme wazi kwamba unaruhusiwa kufanya hivyo.

Kabla ya kutoa fedha

1. Fanya upekuzi katika ofisi ya usajili wa ardhi. Usiridhike na nakala ya hati uliyoonyeshwa. Angalia jina, mipaka, rehani na zuio.

2. Pima umbali kutoka barabarani. Tanzania, chini ya Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya hifadhi huwekewa alama ya X, na anayekupangishia fremu hapo anaweza asikuambie.

3. Hakikisha mke au mume wa muuzaji ametia saini kukubali. Bila ridhaa hiyo mauzo ya nyumba ya familia yanaweza kubatilishwa.

4. Usimpe dalali fedha za mwenye mali. Lipa kupitia benki, kwa jina lililo kwenye hati. Kumbuka pia kwamba Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya udalali wa nyumba na viwanja.

Mpangaji wako ni nani?

Zamani lori lilisimama mara mbili, kila upande wa mpaka, na madereva walijaza gesti. Vituo vya pamoja vya mpakani vimebadilisha hali hiyo. Rusumo na Holili/Taveta vilizinduliwa 2016, Mutukula 2017 na Namanga 2018. Gari likivuka kwa saa chache, dereva hana haja ya kulala. Kwa hiyo usipige hesabu ya vyumba kwa kutegemea foleni. Wapangaji wa kudumu zaidi ni mawakala wa forodha, watumishi, wenye maduka ya vipuri, na wafanyabiashara wanaohitaji ghala au yadi ya kuegesha magari.

Kodi ya pango na kodi ya serikali

Tanzania, mpangaji mfanyabiashara anapomlipa mwenye nyumba mkazi hukata asilimia 10 kuwa kodi ya zuio na kuiwasilisha TRA. Omba cheti cha makato hayo, kwani ni ushahidi wako wakati wa kukadiriwa. Kenya, kwa mkazi, kodi ya mapato ya nyumba za makazi ilishushwa kutoka asilimia 10 hadi 7.5 kuanzia Januari 2024. Asiye mkazi hukatwa kwa kiwango cha juu zaidi, basi uliza KRA kabla ya kupanga bei.

Jambo jingine ni sarafu. Mipakani watu wamezoea kupangana kwa shilingi za Kenya au dola. Kwa kanuni za Machi 2025, bei za bidhaa na huduma ndani ya Tanzania hutajwa na kulipwa kwa shilingi ya Tanzania. Mkataba wa nyumba iliyo Tanzania uandikwe hivyo.

Mwisho, andika orodha ya vilivyomo chumbani au ghalani siku ya kukabidhi funguo, mtie saini wote wawili, na toa risiti kila mwezi. Gharama ya wakili na upekuzi huonekana kubwa siku ya kwanza, lakini ni ndogo mno kuliko kupoteza kiwanja kizima.